Kutoka Jangwani Hadi Msimbazi na Maandazi Matano

Msomaji wangu, safari fupi kuliko zote hapa Dar ni ile ya kutoka Jangwani hadi Msimbazi. Huhitaji daladala wala mwendokasi, ni miguu yako tu. Lakini jaribu kuifanya ukiwa umevaa fulana ya kijani na njano, halafu iwe ni siku moja tu baada ya Yanga kumtandika Simba bao 5-1. Hapo ndipo utajua kwamba kuna safari fupi zinazochosha kuliko kwenda Mwanza kwa basi.

Mimi niliifanya Jumatatu ya Novemba 6, 2023. Mkononi nilikuwa na mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko maandazi matano, ya moto, yanatoa mafuta. Usicheke bado. Yale maandazi yalikuwa deni la miaka kumi na moja.

Mdai wangu, au tuseme mdaiwa wangu, ni mjomba, kaka wa mama mzazi. Anauza viatu kwenye kiduka kimoja jirani na Mtaa wa Msimbazi, na ni mnazi wa Simba wa kutupwa. Marehemu baba alikuwa Yanga, nami nikamfuata baba. Mama yeye alikuwa refa: siku za mechi aliweka sufuria ya pilau katikati na kutangaza kwamba atakayeanza matusi hali. Mjomba alikuwa kijana mdogo Simba ilipotufunga sita bila mwaka 1977, King Kibadeni akapiga matatu peke yake. Hadithi hiyo nimeisikia kila Idi tangu nipate akili. Nikimjibu kwamba sisi tuliwafunga tano bila mwaka 1968, ananiuliza kwa upole, "Ulikuwepo, mjomba?"

Sasa twende Mei 6, 2012. Siku hiyo Simba walitufunga tano bila. Kesho yake asubuhi nikasikia hodi chumbani kwangu, kumbe ni dogo wa dukani kwa mjomba kaleta sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nikafunua, nikakuta maandazi matano yamepangwa kwa mduara kama ua. Mtaa mzima ulicheka. Nikaapa mbele ya watu kwamba ipo siku nitarudisha sahani ile, andazi kwa andazi.

Basi siku ikafika. Jumapili ile Uwanja wa Mkapa nilikuwepo kwa macho yangu. Musonda alifungua mapema, Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko moja kwa moja, roho mkononi. Kipindi cha pili, bwana wee! Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome akamalizia kwa penalti. Mnyama alikuwa hajapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule, wakati sisi Oktoba tulikuwa tumeshapigwa 2-1 na Ihefu. Watu waliokuwa wakitucheka kwa Ihefu wakaanza kutafuta mlango wa kutokea kabla ya filimbi.

Asubuhi nikaanzia klabuni kwetu, makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Pale palikuwa sikukuu: ngoma, vuvuzela, mama ntilie katoa chai kwa mkopo bila kuuliza jina. Nikakumbuka kitu ambacho hunichekesha kila nikifika pale. Mto unaotutesa sisi Yanga unaitwa Msimbazi! Mvua kubwa zikinyesha, bonde lote linajaa, na Uwanja wa Kaunda ulio pale pale klabuni unageuka bwawa. Ndiyo maana wenzetu wakatubatiza jina la vyura. Kwa hiyo adui tunaye upande wa mtoni na upande wa mjini.

Nikakata kuingia Kariakoo. Vijana wengi hawajui kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliokuwa na kambi pale wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Hadi leo ni mtaa wa kubeba: mikokoteni, marobota, vichwa vya watu vimebeba ndoo na magunia. Siku ile wapagazi wa Kiyanga walibeba huku wanaimba. Wa Kisimba walibeba kimya kimya. Ungeweza kuhesabu kura za mtaa kwa kuangalia tu nani anaimba na nani hasemi.

Kadiri nilivyosogea Msimbazi ndivyo kelele zilivyopungua. Nilipofika mbele ya jengo la Simba nilitegemea matusi, hata kibao cha mgongo. Wapi! Kulikuwa na vikundi vya watu watatu, wanne, wamesimama wameshika viuno kama wafiwa wanaosubiri gari la maiti. Kwenye kijiwe cha kahawa mzee mmoja aliitazama fulana yangu, akautazama mfuko wangu, akasema, "Pita tu mwanangu, leo yenu." Basi. Hakuna aliyenizodoa wala kunifukuza.

Nikwambie ukweli, iliniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikakaribishwa kama mgeni msibani. Nao walichokuwa wakijadili hakikuwa sisi. Walikuwa wanazungumzia kocha. "Aondoke!" anasema huyu. "Hata jana asingelala," anasema yule. Mbrazili wao, Robertinho, alikuwa amepoteza mchezo mmoja tu wa ligi msimu ule, huo huo wa jana yake. Kesho yake, Jumanne, akaachishwa kazi.

Nikafika dukani kwa mjomba. Limefungwa. Si kawaida yake, yule mzee hufungua hata siku ya mvua ya mawe. Nikamuuliza jirani, dogo anayeuza soksi. Akaniangalia kwa jicho la ajabu. "Hujapata habari? Mzee presha ilimpanda jana usiku. Walimkimbiza zahanati. Saa hizi yuko nyumbani."

Washikaji, maandazi yakawa mazito kama matofali.

Nikapanda mwendokasi kwenda Magomeni. Basi likapita pale pale Jangwani, nikaona kwa mbali bendera zetu zinapepea, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuzitazama. Kichwani lilikuwa linazunguka jambo moja ambalo kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumsimulia mtu.

Ile sahani ya 2012 haikuwa na maandazi peke yake. Nilipoyaondoa nilikuta chini yake noti ya shilingi elfu kumi, imekunjwa mara nne. Siku zile nilikuwa sina kazi, na hela yangu ya kula ya wiki nzima nilikuwa nimeiweka dau kwa mshikaji niliyekuwa nakaa naye, nikiamini Yanga tutashinda. Mjomba alijua. Nani alimwambia sijui hadi leo. Alinicheka mbele ya watu, akanilisha kwa siri. Mimi nikasimulia kicheko kila kijiwe, noti nikaimeza.

Nikafika Magomeni. Mkaza mjomba akanifungulia, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikajaribu kuuficha mfuko nyuma ya mgongo, lakini harufu ya hiliki haifichiki. Mjomba alikuwa amelala kwenye kochi, kajifunika shuka, redio imezimwa. Redio ya mjomba kuzimwa! Hapo nikajua mambo si mchezo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeleta?"

"Nimeleta nini, mjomba?"

"Usinifanye mtoto. Lete huo mfuko."

Nikampa. Akajiinua kidogo, akayamwaga kwenye sinia, akayahesabu kwa kidole. Kisha akakunja uso.

"Mbona matano?"

"Si tano, mjomba?"

"Na letu je? Sisi tulipata moja. Nyinyi mwaka 2012 hamkupata hata la kusingiziwa. Kesho ulete la sita."

Mkaza mjomba akashindwa kujizuia, akaangua kicheko huku anafuta machozi. Mjomba akachukua andazi moja, akalimega nusu, nusu nyingine akanipa. Chai ilikuwa haina sukari, amri ya daktari. Nilipoaga niliacha kitu chini ya sinia. Kiasi gani hakikuhusu, ila kilitosha dawa za mwezi.

Kuanzia hapo nikawa mgeni wa Magomeni kila Simba wanapocheza. Nilikuwa nakwenda kumlinda mzee asipige kelele, lakini ndivyo nilivyopata nafasi ya kuwaona wapinzani wangu kwa karibu, na nikajifunza jinsi timu kubwa inavyoyumba katikati ya msimu.

Kwanza walileta kocha mpya Novemba ile ile, Abdelhak Benchikha. Jina hilo liliniingia kama mwiba. Huyu ndiye aliyekuwa na USM Alger walipotunyang'anya Kombe la Shirikisho mwaka 2023: walitufunga 2-1 hapa Mkapa, tukawafunga 1-0 kwao Algiers, wakabeba kombe kwa bao la ugenini. Mjomba alifurahi kama kanunua gari. Na kweli, Desemba 19 waliwafunga Wydad 2-0. Sisi wana Yanga kwenye mechi za Afrika huwa tunashangilia wageni wa Simba, hiyo si siri. Lakini bao la kwanza lilipoingia nikajikuta nimesimama. Nikakaa haraka. Mjomba akajifanya hajaona.

Halafu Januari 2024 wakafanya jambo ambalo hata mimi adui nilishika kichwa: Baleke na Phiri, washambuliaji wawili, wakaondoka kwa mpigo katikati ya msimu, wakaingia wageni ambao hata kupasiana walikuwa hawajazoea. Mwezi huo huo wakapoteza fainali ya Mapinduzi kwa Mlandege. Aprili wakatolewa Kombe la FA na Mashujaa, Kigoma, kwa penalti. Al Ahly akawafunga nyumbani na ugenini kwenye robo fainali. Aprili 20 tukawafunga tena, 2-1. Kabla mwezi haujaisha Benchikha naye kaondoka. Mwisho wa msimu walilingana pointi na Azam, 69 kwa 69, wakaangushwa nafasi ya tatu kwa tofauti ya mabao. Sisi tulikuwa na 80.

Nikimuuliza mjomba shida ni nini, alinijibu, "Tulifungwa tano siku moja, tukaendelea kujifunga msimu mzima." Nami nakubaliana naye. Bao tano za Novemba zingeweza kubaki bao tano. Kilichowamaliza ni papara ya kutafuta mchawi kila Jumatatu.

Nayasema haya bila kejeli, maana nasi tumepita huko. Kuanzia msimu wa 2017/18 tulikaa miaka minne tukiwaangalia wao wakibeba ubingwa, hali yetu mbaya hadi tukatembeza bakuli kwa wanachama. Siku zile nilikuwa nakatiza Msimbazi nimeinamisha kichwa, na mjomba alikuwa ananiita dukani, "Njoo unywe chai, usione haya." Nilidhani ananikandia. Sasa najua alikuwa hana wa kubishana naye. Watani hawa, Yanga wa 1935 na Simba wa 1936, wamelelewa pamoja. Mmoja akiugua, mwingine anakosa usingizi, hata kama anajifanya anacheka.

Tena usiwazike mapema. Ile nafasi ya tatu iliwapeleka Kombe la Shirikisho, na Mei 2025 wakafika hadi fainali, wakakwamishwa na RS Berkane wa Morocco. Mjomba alisema, "Umeona? Tulidondoka tukaangukia ngazi." Presha siku hiyo ilikuwa shwari, mkaza mjomba alimpima mara tatu.

Sheria tumeshaiweka, msomaji. Atakayefungwa anapelekewa maandazi kwa idadi ya mabao, na chini ya maandazi lazima kuwe na kitu. Ukibeba kicheko, beba na msaada. Na usitume mtu, uende mwenyewe kwa miguu, uone wenzako wameamkaje.

Na lile la sita? Nilimpelekea kesho yake, kama alivyoamuru. Alilipokea, akaligeuza juu chini, akasema halijaiva vizuri, kama Yanga. Hapo nikajua mzee amepona.