Chema Hakikujiuza Mwaka Ule

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndugu msomaji, sidhani kama yupo mtu katika mji huu wa Babati aliyepigiwa methali hiyo mara nyingi kuliko mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuvitembeza vitu vya watu. Ukiwa na mashine ya kukamua alizeti, au duka la magodoro, au nyumba ya wageni uliyoifungua juzi na hakuna aijuaye, unakuja kwangu. Nami nakutafutia maneno, rangi, bango na sauti. Siku nilipokwenda kukata leseni yangu ya kwanza, mwaka 2009, mzee mmoja tuliyekuwa naye katika foleni alinitazama juu ya miwani yake akaniuliza, "Sasa mama, wewe hasa unauza nini?" Nikamjibu kwamba nauza matangazo. Akatikisa kichwa, akanipigia methali hiyo, kisha akaniombea heri.

Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata miaka minane baadaye, na halikunifurahisha.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Mama yangu alikuwa akiuza mchele wa Magugu katika soko la hapa mjini. Hakuwa mwepesi wa kuita wateja. Alikunja mdomo wa gunia, akachota kiganja kimoja, akamkabidhi mnunuzi. Naye akanusa, akatafuna punje mbili tatu, akaamua. Mchele wa mwaka uliopita aliuweka katika gunia lake peke yake, na kila aliyeuliza aliambiwa kuwa huo ni wa mwaka uliopita. Mimi, msichana wa miaka kumi, nilikuwa nikimwonea uchungu. Wenzake walipaza sauti na kusifu, wakamaliza magunia yao mapema. Sisi tuliondoka sokoni jua likizama nyuma ya ziwa. Niliapa moyoni kwamba nikikua nitakuwa upande wa wenye sauti.

Lakini siku zile sauti yenyewe haikuwa na kazi kubwa. Ndugu zangu wa rika langu mtakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Idhaa ya Biashara ya Radio Tanzania ilitangaza, nasi tulizipenda nyimbo zake fupi, lakini nani alihitaji kushawishiwa anunue sabuni? Tangazo la kweli lilikuwa foleni: ukiona watu wamejipanga dukani, nawe ulijipanga kwanza, ndipo ukauliza kinachouzwa. Bidhaa ziliporejea madukani na, mwaka 1994, vituo binafsi vya redio na televisheni vikaanza kusikika, ndipo kazi hii ilipopata mahali pa kusimama. Mwaka 1996 niliajiriwa Arusha kuwa karani wa mauzo katika kampuni moja ya vinywaji, na baada ya miaka michache nikawa afisa masoko.

Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati ikawa makao makuu yake, kampuni iliona soko jipya, ikanirudisha nyumbani. Nilizunguka na gari la kreti kutoka Minjingu hadi Katesh, na kupanda Mbulu, wakati vumbi la barabara lilikuwa likiingia hata katika bahasha zilizofungwa. Niliijua kila duka na kila deni. Mwaka 2007 nafasi ya meneja wa kanda ilipokuwa wazi, alipewa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kujaza hati za mauzo. Nilipouliza sababu niliambiwa, kwa upole mwingi, kwamba kazi ile ina safari nyingi nami nina watoto. Safari zipi hizo ambazo sikuwa nimezifanya kwa miaka mitano? Nilikaa miaka miwili zaidi, si kwa uvumilivu, bali kwa kuweka akiba. Kisha nikaondoka.

Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi: meza, viti viwili, kompyuta iliyokwisha kutumika, na kijana mchora mabango mwenye mkono uliotulia kama wa fundi saa. Makaratasi ya kusajili jina la biashara yalisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam, na nilikaa wiki nyingi nikiyangojea kama barua ya mchumba. Usidhani kazi hii ni kukaa na kubuni maneno matamu. Sehemu kubwa ni kupanda ngazi, kuomba vibali, kubishana juu ya bei ya rangi, na kudai. Mteja hulipa bango linapong'aa. Likishapauka, deni nalo hupauka. Baba watoto, ambaye ni mwalimu, alinitunzia daftari la wadaiwa, na aghalabu lilikuwa nene kuliko daftari la malipo.

Kwa kuwa sikuweza kumlipa msomaji wa matangazo, nilisoma mwenyewe. Tulikodi gari, tukafunga vipaza sauti juu yake, tukazunguka minadani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mali yangu kubwa haikuwa kompyuta. Watoto wa Bonga walianza kuniigiza nikipita. Mama mmoja mnadani alinishika mkono akasema, "Wewe ndiwe yule wa garini? Nimenunua bati kwa sababu yako." Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Ndugu msomaji, sikujiuliza ingekuwaje kama bati lile lingevuja.

Sasa nifike kwenye mbaazi. Wakulima wa hapa hupanda mbaazi pamoja na mahindi, na mbegu yetu nyeupe, yenye punje kubwa, imeandikwa na wataalamu wa kilimo kwa jina la mji wetu wenyewe, Babati White. Sehemu kubwa ya zao hilo huvuka bahari kwenda India, ambako huparazwa na kupikwa kila siku. Katika miaka ya 2015 na 2016 India ilipungukiwa, na hapa kwetu kilo moja ilipita shilingi 2,000. Watu walijenga. Mwishoni mwa mwaka 2016 akanijia mfanyabiashara mmoja, mtu mwungwana, asiyenihangaisha katika malipo. Alitaka wakulima wapande kwa wingi ili mwakani apate mzigo mkubwa. Nikaandika tangazo, na nakiri kwamba lilikuwa zuri: nilisema mbaazi ni fedha isiyooza, na kwamba anayepanda mahindi peke yake anailisha nyumba lakini haijengi. Nilisema bei haitashuka.

Nilipomwuliza mteja wangu bei ya mwakani itakuwaje, alijibu kuwa itapanda. Sikumwuliza amejuaje. Nilisoma tangazo lile siku kumi na mbili, Magugu, Bonga, Gallapo, na mwenzangu akalirudia kwa Kiiraqw.

Mwaka ule India nayo ilivuna mbaazi nyingi mno, bei ikawaangukia wakulima wake, na serikali yake ikawakinga. Agosti 2017 ikaweka kikomo: tani 200,000 tu kwa mwaka kutoka nchi za nje. Msumbiji ilikuwa imekwisha kufanya mapatano na India mwaka 2016, hivyo ikawa na mlango wake; sisi hatukuwa nao. Agosti kwetu ni msimu wa kuvuna. Bei ikaporomoka chini ya shilingi 500 kwa kilo, na kuna waliotajiwa bei ambayo hailipi hata gharama ya kupukuchua. Mteja wangu alibaki na ghala lililojaa. Hakuwa amemdanganya mtu. Alikuwa amekosea, naye alipata hasara kama wengine.

Mama alikuwa amezeeka na kurudi Gallapo, kwenye shamba la ukoo. Nilikwenda kumwona Septemba. Katika chumba tulichozoea kulala wageni palikuwa na magunia hadi karibu na dari. Nilijua shamba lile: kila mwaka alipanda mahindi, na mbaazi kidogo kati ya mistari. Mwaka ule alikuwa ameligeuza, ekari mbili nzima. Nikamwuliza, kwa ukali usionistahili, ni nani aliyemwambia afanye hivyo.

"Mwanangu," akasema, "huyo mfanyabiashara mimi simjui. Niliisikia sauti yako."

Hakuongeza neno. Akanitengea chai.

Ipo methali nyingine inayohusu zao hilo hilo: mbaazi akikosa maua husingizia jua. Ningeweza kuisingizia India. Ningeweza kusema, kama wasemavyo wenzangu wengi wa kazi hii hadi leo, kwamba maneno ni ya mteja, sisi ni mdomo tu. Lakini mama hakupanda kwa neno la mteja. Mwanamke wa Bonga hakununua bati kwa sababu ya mwenye duka. Kumbe nilikuwa nikiuza kitu ambacho sikukitia katika hesabu, na nilikiuza bei rahisi mno.

Tangu mwezi ule nilikataa kutangaza bei ya kesho. Usidhani uamuzi huo ulinifanya mtu wa kusifiwa. Ulinifanya mtu wa kudaiwa kodi ya chumba. Mteja mmoja mkubwa alitaka nitangaze kwamba akiba ya mtu itazaa maradufu kwa miezi mitatu. Nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza yule wa mbaazi, akaenda kwa mwingine. Wa pili akamfuata. Ada za shule zilikuwa zimekaribia, na ilinibidi nimpunguze kazi yule kijana mchora mabango, jambo ambalo hadi leo likinijia usiku hunikosesha usingizi kuliko hasara yangu mwenyewe. Baba watoto alifunga daftari la wadaiwa akasema, "Basi tuuze hizo mbaazi za mama."

Hapo ndipo niliporudi kwa yule mzee wa foleni na methali yake. Magunia yale yalikuwa na kitu chema kupita kiasi, na hakikujiuza. Kilikuwa kimekaa miaka yote kikimtegemea mnunuzi mmoja ng'ambo ya bahari, ilhali watu wa Pwani na Tanga huamkia mbaazi za nazi kwa maandazi, na abiria wao hupita stendi ya Babati kila siku asubuhi wakinunua chapati na chai. Nilimwendea mama lishe mmoja aliyezaliwa Muheza. Nikampa debe moja bure, nikamwandikia kibao kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zikiwa zimepinda: MBAAZI ZA NAZI, KAMA NYUMBANI. Siku ya tatu sufuria lilikwisha kabla ya saa tatu. Wakafuata mama lishe wengine wanne, kisha shule mbili za bweni.

Baadaye tulizichambua, tukazifunga kilo moja moja, tukaandika uzito na mahali zilikotoka. Nisikudanganye: debe kwa debe haliwezi kumaliza mzigo wa wilaya. Majirani wengi wa mama waliishia kuuza kwa hasara, na wengine waliwalisha mifugo. Tulichomaliza ni chumba cha wageni pale Gallapo, na vyumba vya nyumba sita za jirani.

Mei 2021 India ilifungua tena mlango wake. Kabla ya msimu wa kupanda, yule mfanyabiashara alikuja ofisini, ameota mvi, akaketi katika kiti kile kile. Nilimwandikia tangazo jipya: jina la mnunuzi, mahali pa kupimia, siku atakazofika, na kwamba bei itatajwa siku hiyo mbele ya watu. Basi. Alilisoma mara mbili akasema hili si tangazo, hili ni taarifa ya mkutano. Akaondoka nalo. Siku ya nne alirudi na fedha za gari.

Tulipofika Gallapo niliomba tusimame karibu na nyumbani. Mama alitoka hadi uani akiwa na fimbo yake, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, kichwa kikiwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza wanunuzi wa mchele. Nilipomaliza akauliza kwa sauti:

"Na mizani ni ya nani?"

Nilikuwa bado sijazima kipaza sauti, hivyo jibu langu lilivuka mashamba hadi ng'ambo ya korongo: ni mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ina mhuri wa mwaka huu, njooni muutazame kabla ya kushusha magunia yenu.

"Haya," akasema mama, "soma tena, wa kule juu hawakusikia."