Treni ya Madina Katika Chumba cha Stoo



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu watukufu, katika toleo hili tumeombwa tueleze habari za ile reli ndogo iliyomo katika chumba cha stoo, kwani wengi waliiona siku ya Maulidi wakauliza imetoka wapi na kwa nini imekaa vile. Tutaeleza, na kosa letu hatutalificha.

Mwanzo wake ni sanduku. Ndugu yetu mmoja mwenyeji wa hapa Tanga anayeishi Leicester, Uingereza, alipokuja kuwasalimia wazee alituletea zawadi ya treni ndogo ya umeme: kichwa kimoja, mabehewa matatu, reli za vipande na kisanduku cha kuendeshea cha volti 12. Treni hii imepunguzwa kwa kipimo, yaani sentimita moja yake ni sentimita 76 za treni ya kweli. Huko Uingereza watu huzijengea meza, wakaweka stesheni, madaraja na vilima, na wazee wenye mvi zao hawaoni haya kukesha nazo.

Watoto wa Tanga hawahitaji kuelezwa reli ni nini. Reli yetu ilianza kujengwa mwaka 1893, na upana wake ni mita moja. Lakini tulipowauliza treni hii iende wapi, walijibu kwa sauti moja: Madina! Wiki ile tulikuwa tumewasomesha habari za reli ya Hijazi, iliyoanza kujengwa mwaka 1900 kwa amri ya Sultani Abdulhamid wa Pili, kutoka Damascus kuelekea Madina, ili kuwapunguzia mahujaji safari ya ngamia iliyochukua siku arubaini hivi. Waislamu wa nchi nyingi, hata India, walichanga fedha. Treni ilifika Madina mwaka 1908. Haikudumu: vita vya 1914 hadi 1918 viliivunjavunja, na baada yake treni za Madina zikakoma.

Basi hamu yetu ikawa kubwa kuliko chumba. Stoo ile ina mita 3 kwa mita 2.4, na sisi tulitaka Damascus, Amman, Tabuk, Madain Saleh na Madina vyote viwemo. Binti mmoja alichukua chaki akagawanya kilomita 1,300 kwa 76, akapata kilomita 17 na ushei. "Maalim, hiyo ni safari ya daladala," akasema. Darasa lote likacheka, na sisi pia.

Hata hivyo hatukukoma. Reli za kona zilizokuja katika sanduku zina nusukipenyo cha sentimita 43.8, kwa hiyo treni ikitaka kugeuka irudi ilikotoka inahitaji meza yenye upana wa karibu mita moja. Meza pana hivyo ikiegemea ukuta, mkono wa mtoto haufiki nyuma treni ikianguka. Tukaona dawa yake ni kuizungusha meza nyembamba kuta zote nne, katikati pabaki wazi pa kusimama, na pale mlangoni tuweke kipande cha kunyanyua chenye bawaba. Meza tukaipandisha mita moja na robo, watoto wapite chini yake kwa kuinama. Tulichora ramani yote sakafuni kwa ukubwa wake halisi, juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Magazeti tuliyaepuka kwa kuchelea kukanyaga majina matukufu. Tulijiona hodari sana.

Yuko kijana wetu mmoja wa miaka kumi na moja anayetumia kiti cha magurudumu. Yeye ndiye aliyekariri majina ya vituo kuliko wote, na ndiye aliyetuuliza lile swali la maji, kwamba injini ya mvuke ilikunywa wapi katika jangwa lile. Siku ya ramani alikaa mlangoni. Tukamwambia, "Njoo mwanangu, usogee uone." Akajibu kwa adabu, "Hapa panatosha, Maalim. Nitakuwa naangalia kutokea hapa." Tukatazama karatasi zile sakafuni. Hapakuwa na njia ya kiti chake kuingia, wala uzio ule wa mita moja na robo usingemwacha aone kitu. Hakulalamika. Sisi tuliochora kwa siku tatu hatukumkumbuka hata mara moja. Wallahi usiku ule hatukulala vizuri.

Kesho yake tulizikunja karatasi zote. Fundi seremala alipima magoti ya kijana yakiwa kitini, kisha tukapanga upya: meza ya kuta mbili tu, ule mrefu na ule unaotazamana na mlango, kama herufi L. Urefu wake kutoka chini ni sentimita 78, upana ni sentimita 60, mkono wa mtoto unafika. Mbele haina miguu, imeshikwa na vyuma ukutani, ili kiti kiingie chini. Plaiwudi iliyokwisha kukatwa kwa ramani ya kwanza ilikuwa hasara, na tuliilipia wenyewe.

Lakini herufi L haizunguki. Hapo wadogo walinuna kwelikweli, maana raha yao ni kuiona treni ikienda bila kusimama. Mmoja wa wakubwa ndiye aliyewatuliza: treni ya kuzunguka hutoka Madina ikarudi Madina, haijafika popote. Yetu sasa ina mwanzo na mwisho. Upande mmoja ni stesheni ya Madina, na upande wa pili kuna ubao uliosimama, treni inapita tundu na kufichika nyuma yake. Kule nyuma tunakuita Sham. Meza yote ina mita 4.8, nayo kwa kipimo chetu ni mita 365 tu za nchi ya kweli. Tabuk haimo. Madain Saleh haimo, ingawa tuliionea uchungu.

Stesheni nayo ilitupa kazi. Kichwa kikifika Madina kiko mbele ya mabehewa, na mbele yake reli imekwisha. Lazima kiachie, kipite pembeni, kije kushika mabehewa upande wa pili. Kwa hiyo panatakiwa njia mbili sambamba na mahali pawili pa reli kugawanyika, kila pamoja pakila sentimita 17. Tukapunguza mabehewa kutoka matatu hadi mawili, nafasi ikapatikana.

Jengo la stesheni, ambalo sasa ni makumbusho, tulilikata kwa makaratasi magumu pamoja na matao yake, na jirani yake msikiti wa Anbariya wenye minara miwili. Mitende tulitengeneza kwa katani, Tanga haikosi katani. Sanamu za watu na ngamia hatukuweka, tukijua wazazi wetu hawana kauli moja katika jambo hilo. Tuliweka mizigo, mitungi na tangi la maji. Mafundi watatusamehe kichwa chetu ni cha Kiingereza, na reli yetu ni pana kuliko inavyopasa. Reli ya Hijazi ilikuwa ya milimita 1,050, imeizidi ya Tanga kwa sentimita tano tu.

Siku ya Maulidi kijana wetu alikaa upande wa Madina, kisanduku mapajani. Treni ilitoka Sham polepole, ikapinda kona, wazazi wakaanza kuleta takbiri, mara umeme ukakatika. Treni ikasimama katikati ya jangwa. Watu wakaguna gizani, na tukasikia sauti ya kijana:

"Msiondoke. Inangoja maji."

Umeme ulirudi baada ya Isha, naye alikuwa bado yupo pale pale.