Dera Halijui Kuogelea

Mara yangu ya kwanza kuingia baharini kwa nia ya kuogelea, si kulowesha miguu, nilikuwa na miaka 34 na nilivaa dera. Ndivyo tulivyozoea. Siku za Idi ufuo wa Pirates, hapa kwetu Mombasa, hujaa wanawake wa madera na leso, wameketi pale mawimbi yanapoishia, watoto mapajani, na hakuna anayepita maji ya magoti. Mimi nilipita. Maji yaliponifika kifuani dera likajaa hewa, likafura kama tanga, nami katikati yake mlingoti. Kisha hewa ikatoka kwa mkupuo, kitambaa kikanizonga miguu, nikanywa chumvi hadi puani.

Ami alikuwa amesimama pembeni, maji kiunoni, hana haraka. "Mwanangu," akasema, "dera halijui kuogelea. Kalishonee pazia."

Alikuwa mstaafu wa jeshi la wanamaji, rafiki wa marehemu baba. Baba alikuwa mvuvi. Kaka zangu wawili walijua kupiga mbizi kwenye bandari ya kale kabla hawajajua kusoma. Mimi nilijua majina ya samaki wote waliopita jikoni kwetu, na sikujua kuelea. Hakuna aliyenikataza. Haikuwahi kumjia mtu akilini, basi. Nami nisingejisumbua, kama mwenzangu wa duka la dawa asingenieleza habari za mashindano madogo ya triathloni yaliyokuwa yakiandaliwa upande wetu wa pwani: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Kukimbia nilikuwa nakimbia tayari, alfajiri, kando ya bahari pale Mama Ngina. Baiskeli nitatafuta, nikasema. Na bahari iko nyuma ya nyumba.

Vazi la pili nilishonewa na fundi wa Majengo, kwa kitambaa cha kuvutika kama cha taiti za wanamichezo. Lilipendeza sana likiwa kavu. Lakini fundi alilishona kwa mshono ulionyooka na uzi wa pamba, na uzi wa pamba hauvutiki kitambaa kinapovutika. Siku ya tatu niliinua mkono, nikasikia "trrr" kutoka begani hadi mbavuni. Nilibaki ndani ya maji yamenifika shingoni, nikimwomba Ami akaniletee leso, naye akarudi nyuma nyuma, uso ameuelekeza Malindi, leso ameishika kwa ncha ya ufito.

La tatu aliniletea wifi yangu kutoka Muscat: burkini, aina ya vazi alilolibuni Aheda Zanetti huko Australia mwaka 2004. Kitambaa chepesi kisichonyonya maji, kofia imeshonewa humo humo, na hilo langu lilikuwa na vitanzi ndani vya kufungia shati kwenye suruali lisipande. Nililala chali juu ya maji nikatazama mbingu. Kwa mara ya kwanza sikuwa nikishika nguo yoyote kwa mkono wowote. Nilikaa hivyo hadi Ami akaita kuuliza kama niko hai.

Ningeishia hapo ningekuwa na akiba. Lakini mtu akishaonja kifaa kimoja kinachofaa, huamini kila kifaa kitafaa. Nikasoma kwamba wanatriathloni huvaa suti za mpira wa neoprini, zinazompa mwogeleaji joto na kumwinua majini. Wiki mbili baadaye nikaiona moja Kongowea, imening'inia katikati ya makoti ya mitumba. "Hiyo jaketi ya mvua, dada, mia nane tu," muuzaji akaniambia. Ilinichukua dakika ishirini, na robo chupa ya mafuta ya nazi, kuivaa. Sasa, bahari yetu mara nyingi huwa kati ya nyuzi 25 na 29. Suti hiyo ni ya watu wanaoogelea maziwa ya Ulaya wakitetemeka. Mashindano mengi huipiga marufuku maji yanapokuwa ya uvuguvugu, kwa kuwa mwili hukosa pa kutolea joto. Nilijua hilo baadaye. Siku hiyo nilichojua ni kwamba naiva kama muhogo. Ami na kijana mmoja muuza madafu ndio walionivua suti miguuni, kila mmoja akivuta upande wake.

Ratiba ya mazoezi niliipata kwenye simu. Ilisema Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, mita 600. Bahari haikuwa imeisoma. Saa za maji kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakitoka hutoka kweli: waweza kutembea juu ya majani ya bahari hadi karibu na mwamba, miwani ya kuogelea kwenye paji la uso, kama mtu aliyekosa basi. Ami alichukua kalenda ya msikiti ukutani akanipangia upya, mwezi wote, kwa kalamu ya risasi. Ile ya simu niliifuta. Saa ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo niliendelea kuivaa, zaidi kwa kuwa nilikuwa nimeshailipia.

Baiskeli ilikuwa ya mtumba, iliyokuja kwa kontena, nyepesi hadi nilikuwa nikiipandisha ngazi kwa mkono mmoja. Ilikuja na pedali zinazobana kiatu. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilizileta mwaka 1984 kwa kuiga vibanio vya viatu vya kutelezea thelujini, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda nazo Tour de France. Hinault hakuwa akipita njiapanda ya Kongowea saa mbili asubuhi. Tuktuk ilisimama ghafla mbele yangu, nikashika breki, nikakumbuka kuzungusha kisigino nikiwa tayari nimeinama. Nilianguka polepole, kama mnazi uliokatwa, miguu yote miwili ingali imeshikwa. "Pole dada! Mbona hushuki?" dereva akauliza, kwa huruma ya kweli kabisa.

Helmeti nayo ilikuwa na ugomvi wake na mtandio: mikunjo iliinyanyua, pini ikanichoma kipanda uso. Nilimaliza kwa kofia nyembamba ya chini isiyo na pini. Upepo haukuwa na dawa. Wakati wa kusi nilikwenda hadi daraja la Mtwapa nikidhani nimekuwa bingwa, nikageuza baiskeli, na njia nzima ya kurudi nikalipa, pamoja na vumbi la ujenzi wa barabara. Zile jeli za nguvu za wakimbiaji nazo zilinishinda kwa utamu wake wa dawa ya kikohozi. Nikarudi kwenye tende, na chupa ya maji niliyoipima kama ninavyoipima kazini kwa wagonjwa wa kuhara: chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kwa lita. Ile ya wagonjwa ina vitu viwili zaidi. Nilivitoa kwa sababu ya ladha.

Siku ya mashindano nilivaa burkini. Pedali nilikuwa nimezibadilisha, nikafunga za kawaida za shilingi mia nne, na viatu vilikuwa jozi moja kwa baiskeli na kwa mbio. Majini mtu alinipiga teke miwani ikajaa, na yavuyavu akanigusa shavuni, mojawapo ya sehemu chache zilizokuwa wazi. Wenzangu wa vikaptula walitoka na michirizi mapaja mazima. Walipokuwa wameketi chini wakipambana na soksi, mimi nilikuwa nimeshaondoka, maji yakinichuruzika. Baadaye karibu wote walinipita. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 58, wa nne kutoka mwisho.

Mama alilifua vazi jioni kwa maji ya kisima, akaligeuza ndani nje, akavuta vile vitanzi kimoja kimoja kuona vimeshonwaje. Aliuliza kina kilikuwaje pale tulipogeukia. Nikamwambia pima mbili, pengine zaidi.

"Na chini uliona nini?"

Nikamtajia samaki.