Injini Baridi Haisemi

Chini ya mwembe, nyuma ya nyumba moja ya Kibiti isiyo mbali na barabara kuu iendayo Lindi, ilikuwapo Land Rover ya miaka ya sabini ambayo magurudumu yake yalikwisha kuondolewa na ekseli zake kulazwa juu ya magogo. Bodi yake ya aluminiamu ilikuwa imechubuka lakini haikuoza. Fremu ya chuma iliyoibeba bodi hiyo ndiyo iliyoliwa na chumvi ya njia za Nyamisati, hata kidole kikapenya. Mifupa ilikuwa imekufa, ilhali ngozi ingali hai. Na katikati yake ulikuwamo moyo wa silinda nne uliokuwa bado ukipiga.

Mwenyewe, mzee wa Kindengereko aliyekwisha kupita miaka sabini, hakuiita gari. Aliiita chombo, kama watu wa pwani waitavyo jahazi. Kwa miaka mingi chombo hicho kilipakia mikeka, magunia ya mpunga, korosho, maiti na wajawazito. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kilikuwa kikikesha Ndundu katika foleni ya pantoni, kikiungoja Mto Rufiji umkubali mtu kuvuka. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kwa miaka kadhaa kuwa udongo uliomeza malori wakati wa masika. Hapo ndipo kijiti chenye kichwa chekundu kilipovutwa nyuma, gia nzito ikaingia, magurudumu yote manne yakashika kazi, na abiria wakanyamaza kama watu walio msikitini.

Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, yaliondoka na mpunga wa mzee pamoja na mbegu aliyoiweka akiba. Mwenye shamba asiye na mbegu hana budi kuuza kitu. Ndipo alipotangaza kwamba injini na giaboksi yake vinauzwa.

Alikuja kwanza mnunuzi wa chuma chakavu. Huyu hakuomba injini iwashwe, wala hakuuliza imetembea wapi. Alikuwa na mizani yake na bei yake ya kilo. Aluminiamu nayo aliitaka, kwa kuwa mafundi huiyeyusha wakafinyanga masufuria. Ilikuwa biashara nyepesi, isiyo na dhambi. Mizani ya chuma chakavu haiulizi kasoro. Ila mzee alimwomba ampe siku tatu, kwani moyo wake ulisita kukipima kwa kilo chombo alichokipima kwa safari.

Siku ya pili akaja nahodha wa boti kutoka visiwa vya delta, kijana wa rika la mtoto wake wa tatu. Alipiga magoti kidogo akasema, "Shikamoo, baba." Akaitikiwa marahaba, akaketi. Alikuwa na mashua ya mbao iliyokuwa ikisukumwa kwa mashine ndogo ya nje, na mashine hiyo ilikuwa ikila petroli kuliko alivyokula yeye na watoto wake. Alitaka injini ya dizeli ya kufunga ndani, pamoja na giaboksi, maana chombo cha majini kinahitaji kusimama na kurudi nyuma kama kinavyohitaji kwenda mbele.

Injini ilikuwa imekwisha kushushwa, imeegemezwa juu ya matairi mawili. Ikaletwa betri, dumu la dizeli na ndoo ya maji. Ilikohoa mara mbili, ikatema moshi, kisha ikashika. Wenye sikio la ushairi wangalisikia mle jambo la kwao: silinda nne kama mishororo minne ya ubeti, na zamu yake haibadiliki. Hupiga ya kwanza, ikafuata ya tatu, ikafuata ya nne, ikamalizia ya pili, kisha huanza upya. Mshororo mmoja ukipungua silabi, hata asiyejua kusoma hutambua. Kijana alisikiliza, akatabasamu. Hakupungua mtu silabi.

Lakini mzee alijua kitu ambacho sauti ile haikukisema. Silinda hedi ilikuwa na ufa. Uliwahi kuchomelewa na fundi, ukafungika kwa nje. Hata hivyo, injini ikifanya kazi kwa saa tatu au nne na kupata moto wa kweli, ufa ulifunguka kama mdomo, maji ya kupozea yakapenya na kuchanganyika na oili, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi chuma. Kinachofuata ni vyuma kusagana, kisha injini kukaza na kunyamaza. Barabarani kunyamaza huko ni adha: dereva hushuka, akakaa kivulini. Katika mlango wa mto, wakati wa bamvua, maji yakipwa kwa nguvu kuelekea bahari kuu, ni jambo la jina lingine. Na majaribio ya nusu saa chini ya mwembe yasingeufichua ufa ule. Injini baridi haisemi.

Injini ikazimwa, chai ikaletwa. Kijana, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kuamua, akaanza kuzungumzia kwao, na mazungumzo yakafika kwenye manuwari ya Mjerumani, kama yafikavyo aghalabu mazungumzo ya watu wa delta.

Manuwari hiyo ni Königsberg, na habari yake ni habari ya injini kuliko inavyodhaniwa. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta meli ya Kiingereza Pegasus imetia nanga bandarini Unguja, haiwezi kwenda kokote kwa kuwa mitambo yake ilikuwa ikitengenezwa. Ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe. Lakini punde baada ya ushindi huo mtambo wa Königsberg nao ukavunjika, na meli ikarudi kujificha katika mikoko ya Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vilifunguliwa vikaburutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarejeshwa. Viliporejea, Waingereza walikwisha kuiziba milango ya mto. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa mizinga, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mtoni.

Hapo ndipo uliponza uhai wake wa pili. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kupigana nchi kavu. Mmoja upo hadi leo Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria. Gofu lenyewe lilinunuliwa mwaka 1924 na John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus siku ile ya Unguja, aliyelitaka kwa ajili ya madini yake. Aliyezamishiwa meli akaja kununua chuma cha aliyemzamisha. Delta, basi, inaijua zamani biashara ya kufungua kiungo cha kitu kilichokufa na kukipa kazi nyingine. Inajua pia kwamba meli mbili zilipatikana na mauti yake siku mitambo ilipokuwa na kasoro, na kwamba kasoro haiangalii bendera.

Mzee alisikiliza, akaweka kikombe chini. Kila aliyesoma chuoni pwani hii anakijua kisa cha Mtume sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka na vidole vikatoka na unyevu uliofichwa chini. Mwenye nafaka alisingizia mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke unyevu juu watu wauone. Kisa hicho hufundishwa kwa watoto, lakini hungoja watu wazima.

"Mwanangu," alisema mzee, "giaboksi hii gia yake ya pili inachomoka. Ukipanda nayo mlima lazima uishike kwa mkono."

Kijana akacheka. "Baba, majini kuna mlima gani? Mimi nitatumia ya nne inayosukuma moja kwa moja, na ya kurudi nyuma. Hiyo ya pili hata ukiing'oa."

Lilikuwa jibu la kufariji. Kumbe kasoro nyingine ni kasoro ya mahali tu. Ukihamishwa mahali, inafutika. Mtu angeweza kuishia hapo, akajihesabu kuwa amesema kweli, kwa kuwa amesema ukweli usiomgharimu. Mzee alikaa kimya kwa muda wa kunywa funda mbili. Kisha akasema la silinda hedi.

Alilieleza lote: siku lilipopasuka, lilivyochomelewa, saa linapoanza kuvuja na rangi ya oili. Kijana hakucheka tena. Aliinuka, akaizunguka injini, akapitisha kidole pale alipoonyeshwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema lolote kuhusu kitu chenye uzuri na ubaya kwa pamoja, nacho ndicho kinachouzwa siku nyingi.

Bei iliyokuwa milioni tatu ikateremka hadi milioni mbili na laki mbili. Tofauti hiyo kijana aliipeleka Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta hedi nyingine isiyo na ufa. Kwa mzee, laki nane zilikuwa bati la upande mmoja wa paa, na paa hilo likabaki la makuti. Hakulalamika, wala hakujisifu. Bei ya chuma chakavu ingemwacha pabaya zaidi. Bei ya kunyamaza ingemwacha pazuri zaidi. Alichagua katikati, mahali ambapo mtu hulala usingizi.

Siku ya kuandikiana, mwandishi aliandika namba ya injini kama ilivyo katika kadi ya gari, akaandika bei, majina na mashahidi. Mzee akamwomba aongeze mstari: kwamba gia ya pili inachomoka na silinda hedi ina ufa. Mwandishi akainua kalamu. "Mzee, watu huandika bei. Aibu hawaandiki."

"Andika," alisema mzee.

Ikaandikwa. Injini ikapakiwa, ikaenda Nyamisati na kutoka hapo ikaingia mikokoni. Bodi ya aluminiamu ilibaki chini ya mwembe, na kuku wakahamia ndani.

Miezi kadhaa baadaye kijana alipiga simu kusema mashua imeshuka majini, imepakia mpunga na abiria, na imetoka mlango wa mto ikarudi. Mzee hakuuliza mwendo wake wala mapato yake. Aliuliza jambo moja tu: baada ya saa nne za kazi, oili ina rangi gani?

"Nyeusi, baba," kijana akajibu. "Nyeusi tii."