Kabla Hujatoa Arubuni

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia mimba imeingia mwezi wa tano na kichefuchefu kimekuachia. Umesema chumba mlichokiona nyuma ya kiwanda kodi yake ni nafuu, na maji yakiwa na harufu mtayachemsha. Hapo kwenye kuchemsha ndipo niliposhika kalamu.

Ukichemsha maji unaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Risasi, yale madini ya kwenye betri za magari, haifi kwa moto. Maji yatapungua sufuriani, yenyewe itabaki. Naitaja kwa sababu ya Owino Uhuru, kijiji cha hapo hapo Mikindani mnakotafuta nyumba. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ubavuni mwa kijiji kile. Moshi ukatua juu ya mabati, mvua ikauteremsha ndooni. Majitaka yakapita karibu na milango, watoto wakayachezea. Wala usidhani watu wale walikuwa wachafu. Wanawake walifagia nyua zao kama ufagiavyo wewe, na vumbi walilolitimua ndilo lililobeba sumu.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo. Mwanawe mchanga akaugua, akadhaniwa ana malaria, akatibiwa asipate nafuu, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Aliyekuwa akienda kazini ni mama, si mtoto.

Hili lisikie kwa ajili ya tumbo lako. Mwili huichukulia risasi kama kalisi, ukaiweka mifupani miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba, mifupa huachia akiba yake ili mtoto ajengeke, na risasi hutoka pamoja nayo ikamfikia mtoto tumboni. Akishazaliwa, mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na inapompiga ni kwenye ubongo. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kliniki mama huulizwa mtoto amekula nini. Mimi, baada ya miaka yangu ya uuguzi, naona angeulizwa kwanza nyumba yao imepakana na nini.

Omido na wanakijiji hawakunyamaza, ingawa yeye alikamatwa na kushtakiwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa ameshatimiza miaka 17.

Sisemi kiwanda mlichokiona kinayeyusha betri. Nasema hujui kinafanya nini, na mwenye nyumba hatakwambia. Rudi pale usiku, maana kuna viwanda vinavyongoja watu walale ndipo vitoe moshi. Tena sasa ni kaskazi. Simama uani upige hesabu kusi ikianza kuvuma moshi utaelekea wapi. Waulize akina mama waliokaa pale misimu yote miwili: watoto wao wanakohoa? Kisima kiko umbali gani na choo? Watoto wanachezea wapi, na malori ya bandarini yanapita njia gani? Mama atakayenyamaza kidogo kabla ya kujibu, huyo kaa naye.

Najua mshahara wa mumeo, na najua hakuna anayekwenda kukaa nyuma ya kiwanda kwa kupenda. Kodi ndiyo inayompeleka. Kwa hiyo sikuandikii maneno matupu. Chumba changu cha uani hapa Likoni kiko wazi mpaka ujifungue, hata na baada yake. Kivuko kitamchosha mumeo asubuhi na jioni, hilo nalijua, lakini zungumzeni. Mkiona hamwezi kuja huku, tafuteni kwingine, na pengo la kodi niambie ni kiasi gani. Arubuni msitoe kabla sijapata jibu lako.

Shangazi yako akupendaye