Siku mia moja kule Gurugram



Tangu turudi, wengi wenu wananiuliza: "Mwalimu, mulikaa miezi saba kule India, mulikuwa munafanya nini?" Nyinyi ndio mulitoa zamu zenu za likelemba ili sisi tupande ndege. Basi nina deni la kuwajibu, na leo ninalipa kidogo.

Munamjua mvulana wetu. Alizaliwa na SS. Mimi ni AS, baba yake ni AS, na hatukupima damu kabla ya ndoa. Kila mimba yetu ilikuwa na nafasi moja juu ya nne ya kuleta mtoto wa SS, nasi hatukujua. Alipofika miaka 9 alikuwa amelazwa mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Yaya yake wa miaka 13 alipimwa, ikaonekana uboho wake, yale mafuta laini ya ndani ya mifupa, unalingana na wa mdogo wake. Hata hiyo ni bahati: kati ya watoto wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja tu juu ya nne ya kulingana na ndugu yake. Waganga walituambia bila kuficha kwamba dawa za kutayarisha mwili zinaweza kumnyima uzazi kesho, na kwamba watoto wengine hawarudi. Baba yao na mimi tulikaa usiku mzima mezani. Asubuhi tukauza kiwanja.

Gurugram ni muji mkubwa pembeni ya New Delhi. Kutoka Lubumbashi tulipita Addis Ababa, tukafika mwisho wa mwezi wa kwanza. Nilidhani India ni joto tu. Tulikuta ukungu na baridi kupita ile ya kwetu ya mwezi wa sita, nikanunua mablanketi siku ile ile. Mbele kuna nyumba ndefu za vioo. Nyuma yake kuna vichochoro vyembamba, ng'ombe wanapita, nyaya za umeme zimefungana kama nywele zisizosukwa. Ndani ya vichochoro vile wagonjwa wa dunia nzima wanapanga vyumba: watu wa Iraki, wa Uzbekistan, wa Nigeria, wa Kenya. Maduka ya dawa yamepangana kama maduka ya vitenge kwetu, na vibao vyake vimeandikwa hata Kiarabu na Kirusi. Sisi tulipata chumba kwenye etaji ya tatu, chenye jiko la gazi na dirisha moja.

Habari ya lopitali nitaisema kwa ufupi. Alipewa dawa kali za kuondoa uboho wake wa zamani. Nywele zikaanguka, kinywa kikajaa vidonda, akakataa hata maji. Yaya yake alilazwa usingizi, wakamtoa uboho kwenye mifupa ya nyonga. Kisha ikafika ile siku wanayoiita siku ya sifuri. Nilingojea jambo kubwa. Ilikuwa mfuko mmoja mwekundu, ukashuka polepole kwenye mupira wa kifuani kama damu nyingine yoyote, ukaisha. Ndani yake kulikuwa seli mama, zile zinazozaa damu. Zinajua zenyewe njia ya kufika ndani ya mifupa. Mwezi wa tatu, vijana wa Gurugram walikuwa wanarushiana unga wa rangi kwa sikukuu yao ya Holi, sisi tunatazama kupitia kioo. Juma lile chembe nyeupe za kwanza zilionekana kwenye karatasi ya labo.

Mwisho wa mwezi ule walituruhusu kutoka. Nilifikiri kazi imeisha. Wamama, kazi ilikuwa inaanza.

Mtoto aliyebadilishwa uboho ni kama mtoto mchanga: mwili wake umesahau kujilinda. Mpaka siku ya mia moja haruhusiwi kukaa mbali na lopitali. Niliamka kabla ya jua, nikapangusa sakafu, meza na mlango kwa dawa. Maji yote nilichemsha, hata ya kusukutua kinywa. Dawa ya kuzuia damu ya yaya isipigane na mwili wa mdogo ilitolewa kwa saa ile ile, asubuhi na jioni, bila kuchelewa. Kisha kipimo cha joto, na kutazama ngozi, macho, choo, ninaandika vyote kwenye daftari. Mara mbili kwa juma tulipanda kile kigari cha magurudumu matatu, kijani na njano, maski puani, tukaenda kupima damu.

Chakula ndicho kilitaka kunishinda. Kila kitu kiive kabisa, kiliwe kikiwa moto, kisilale. Mwezi wa tano maembe yakaanza kuuzwa chini ya dirisha, harufu inapanda mpaka kwetu, na munganga wetu alikuwa amekataza matunda mabichi yote. Mvulana alilia kwa ajili ya embe kuliko alivyolia kwa sindano. Unga wa mahindi niliupata, wa njano, nikapika bukari ya njano na mchicha wao, unaofanana kidogo na lengalenga. Alikula matonge mawili. Nilipiga picha nikaituma nyumbani, munakumbuka. Mulicheka rangi ya ile bukari, lakini mimi nilikuwa nalia kwa furaha.

Nilikuwa namtazama mgonjwa tu, nikasahau kwamba nilikwenda na watoto wawili. Jioni moja umeme ulikatika, joto limepita nyuzi 40, tumelala kwenye sakafu. Yaya akaniuliza polepole: "Mama, damu yangu ikimkataa, itakuwa kosa langu?" Miezi minne alikuwa ameibeba ile swali peke yake. Na alikuwa amesikia kwenye simu maneno ya watu wa kwetu, kwamba tumemuuza binti damu yake ili kumponya kijana. Nilimkalisha nikamweleza kama darasani: ulichotoa kimeota tena ndani yako kwa majuma machache, hukupunguka kitu, na ikienda vibaya, hakuna aliyekosa, wewe ulitoa tu. Toka siku ile nilimpa kazi ya daftari. Alikuwa anaandika vizuri kunishinda.

Sasa nisema jambo ambalo sikumwambia mtu. Usiku wa siku ya 47 kipimo kilionyesha 38 na nusu. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani: ikifika 38, njoo lopitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Ilikuwa saa nne za usiku. Nilikuwa nimebaki na falanga kidogo, na kulazwa tena ni kulipa tena. Nikasema moyoni, ngoja nimpanguse na kitambaa cha maji, labda itashuka. Saa nane za usiku alianza kutetemeka. Yaya ndiye aliyetoka bila ruhusa yangu akagonga kwa jirani yetu, mama mmoja wa Tanga aliyekuja na mume wake mgonjwa. Yule mama aliingia, akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Dada, unasubiri nini? Pesa tutaitafuta tukiwa kule. Mbebe." Tukashuka naye ngazi, watu wanne kwenye kigari kimoja.

Vijidudu vilikuwa vimeingia kupitia mupira wa kifuani. Munganga hakunigombeza. Aliuliza tu homa ilianza saa ngapi, na yaya akafungua daftari akamwonyesha. Tulikaa siku kumi, akapona. Lakini zile saa nne ni zangu, ninazibeba. Ninaziandika ili mama mwingine asizirudie, iwe India, iwe hapa Katuba: mtoto wa SS akiwa na homa, hakungojwi asubuhi.

Siku ya mia moja haikuwa na sherehe. Walituonyesha karatasi: damu inayozunguka ndani ya mvulana ni ya yaya yake. Kwa sababu vikundi vyao vya damu vilikuwa mbalimbali, hata kikundi chake kimebadilika. Tulingoja mpaka mwezi wa nane ndipo tukaruhusiwa kurudi.

Wamama, maisha yale hayajaisha. Chanjo zake zote za utoto zinaanza upya. Analala chini ya chandarua kila usiku. Shule bado, ninamfundisha mimi mwenyewe jioni, nikitoka kufundisha watoto wenu. Kwa hiyo mukija kutusalimu na mimi nikiwaomba munawe, au nikiwapokea kwenye baraza, musiseme mwalimu amerudi na majivuno. Ni mpaka mwili wake ujifunze.

Na ninajua kati yenu kuna wenye watoto wa SS ambao hawana yaya anayelingana, wala kiwanja cha kuuza. Njia ile si ya wote, na si njia peke yake. Kuna dawa ya hidroksiurea inayopunguza maumivu kwa watoto wengi, muulize munganga. Penisilini kwa wadogo, chanjo, chandarua, maji ya kunywa kwa wingi: hivyo vyote vinaokoa. Na vijana wetu wanaotaka kuoana wapime kwanza. Congo yetu ni kati ya nchi zenye watoto wengi wa SS duniani, pamoja na Nigeria na India ile ile tuliyokwenda.

Mwezi ujao zamu ya likelemba ni yangu. Nimeomba iende kwa yule mama wa Kenya ambaye binti yake amelazwa tangu juma lililopita. Yaya anawasalimu. Mdogo wake naye anawasalimu, anauliza maembe yataiva lini.