Ramani Kwanza, Programu Baadaye

Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako analalamika kwamba siku hizi akikupigia simu hapo chuoni inaita tu. Nimemwambia akuache umalize mradi.

Andiko lako nimelisoma lote, na zile kurasa za katikati nimezirudia. Unataka kutengeneza programu ya hisabati itakayomfundisha kila mwanafunzi kulingana na hali yake, kwa kutumia wavuti ya kisemantiki pamoja na mitandao ya kijamii. Nimefurahi, maana kazi hii si ngeni kwangu: nilifundisha hisabati shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye uandaaji wa masomo ya kompyuta. Lakini nina neno. Karibu andiko zima linaeleza jinsi programu itakavyopendekeza zoezi linalofuata. Aya moja tu, tena fupi, ndiyo inayoeleza programu itajuaje somo lenyewe limejengwa na nini. Hapo umeanza kuezeka kabla ya kuchimba msingi.

Chukua mtoto wa darasa la sita. Umempa nusu jumlisha theluthi, akajibu 2/5. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Programu nyingi zitaweka alama ya kosa, zitashusha kiwango, kisha zimpe hesabu nyepesi zaidi za aina hiyohiyo, na watengenezaji watajisifu kwamba zinamfuata mwanafunzi. Mwalimu aliyewahi kushika chaki atauliza kwanza: amekosea kwa nini? Huenda mtoto haoni kuwa 1/3 ni namba moja. Kwake ni namba mbili zilizopandishana tu. Huenda hilo analijua vizuri, ila kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) kunamshinda, akaamua kukata njia. Huenda alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Kila sababu inataka somo lake. Ukimwongezea hesabu kumi za kujumlisha, utakuwa umemsaidia yule mwenye haraka peke yake.

Najua umemtaja Benjamin Bloom, maana kila andiko la fani hii humtaja. Mwaka 1984 aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani akifundishwa peke yake na mwalimu wake huwapita takriban asilimia 98 ya wale wa darasa la kawaida. Usiitegemee sana namba hiyo. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alizipitia tafiti nyingi akaona kwamba faida ya mwalimu wa mtu mmoja haifiki hata nusu ya ile ya Bloom. Kilichonivutia kwenye kazi yake ni kingine: programu zinazofuatilia hatua mojamoja za hesabu zilimkaribia sana mwalimu huyo, na zile zinazotazama jibu la mwisho tu ziliachwa mbali. Kwa hiyo 2/5 ikifika kwenye programu yako, programu iulize jibu hilo limetoka wapi.

Na haiwezi kuuliza kama haina ramani ya somo. Wazo hili ni la zamani kuliko intaneti unayoijua. Mashine za kufundishia alizozipigia debe B. F. Skinner katika miaka ya 1950 zilikuwa na maswali yaliyokwisha kuandikwa, yakipangwa moja baada ya jingine. Mwaka 1970 Jaime Carbonell akaeleza programu aliyoiita SCHOLAR, iliyofundisha jiografia ya Amerika Kusini. Humo maarifa yalihifadhiwa kama mtandao wa vitu na uhusiano wake: mji huu uko nchi ile, nchi ile iko bara lile. Kwa kuwa uhusiano ulikuwemo, programu iliweza kutunga maswali yenyewe, na mwanafunzi naye aliweza kugeuka akaiuliza. Miaka 31 baadaye, Mei 2001, Tim Berners-Lee na wenzake James Hendler na Ora Lassila walipoandika katika jarida la Scientific American kuhusu wavuti ya kisemantiki, walitaka wavuti nzima ya dunia iwe na uwezo wa namna hiyo.

Wavuti nzima haikuwa hivyo, na sidhani itakuwa. Watu hawana subira ya kuzipa kurasa zao maelezo kwa ajili ya mashine. Lakini mahali penye mipaka, palipo na watu wanaojali, wazo limeshika. Wikidata, hazina ya data iliyojengwa kwa mtindo huo, imekuwepo tangu 2012 na inakua. Hisabati ya shule ya msingi ni eneo la namna hiyo: dogo, lenye mpangilio, na lenye maelfu ya walimu wanaolijua kwa ndani.

Msingi wa wavuti ya kisemantiki unaujua: RDF hueleza kila jambo kwa sentensi ya vipande vitatu. Vigawe vinatangulia KDS. KDS inatangulia kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kuzidisha kunatangulia vigawe. Ukishatamka kwa lugha ya OWL kwamba uhusiano wa "kutangulia" unarithishana, kompyuta itajua yenyewe kwamba mtoto anayeshindwa kujumlisha sehemu huenda tatizo lake ni jedwali la kuzidisha, ingawa hakuna aliyeiandikia sentensi hiyo. Mwalimu mzoefu hufanya hivyo kichwani akiwa anapita kati ya madawati.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mtoto wa shule zetu za serikali hujifunza sehemu kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukutana nazo kwa Kiingereza. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa anatafuta KDS bila wasiwasi. Januari anaulizwa LCM, anakaa kimya. Ukiwa umeihifadhi dhana hiyo kwa jina lake la Kiingereza, programu itaandika kwamba mtoto hajui, itamrudisha kwenye vigawe, halafu kwenye kuzidisha, na yeye atakaa hapo akifanyishwa kazi ya darasa la nne, akiamini kwamba kweli akili yake imepungua. Nimewaona watoto wa namna hii darasani, hata bila kompyuta.

Hapa ndipo wavuti ya kisemantiki ina faida kwetu kuliko kwa wenzetu walioibuni. Ndani yake dhana hupewa kitambulisho ambacho si neno la lugha yoyote. Majina ni lebo zinazobandikwa juu yake. Kiwango cha SKOS, kilichopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2009, kinakuruhusu kuweka lebo kuu kwa kila lugha na lebo mbadala kadiri utakavyo. Wikidata nayo hufanya vivyo hivyo kwa namba zake zinazoanza na herufi Q: namba ni moja, majina ni mengi. Kwa hiyo rekodi ya mwanafunzi wako iwe na pande mbili, mmoja wa dhana na mwingine wa lugha aliyoulizwa. Akipata kwa Kiswahili na kukosa kwa Kiingereza, usimshushe ngazi. Mwekee swali lilelile kwa lugha mbili, ubavu kwa ubavu, aone kwamba anachoulizwa ni kitu anachokijua.

Ili kukadiria mwanafunzi anajua nini, umesema utatumia mbinu ya Albert Corbett na John Anderson ya mwaka 1995. Ni chaguo zuri. Kwa kila ujuzi inashika makadirio manne: uwezekano kwamba mwanafunzi alikuja anajua, kwamba amejifunza kwenye zoezi, kwamba amebahatisha, na kwamba ameteleza ingawa anajua. Tahadhari na hilo la mwisho. Ukichanganya lugha mbili kwenye hesabu moja, kutojua Kiingereza kutaonekana kama kuteleza, au kibaya zaidi kama ujinga wa hisabati, na hakuna takwimu itakayokutenganishia baadaye. Programu nyingi za kutoka nje hazikutengenezwa kwa ajili ya mtoto anayebadilishiwa lugha njiani. Yako inaweza.

Kwa upande wa mitandao ya kijamii tunatofautiana zaidi. Unataka kupendekeza masomo kwa mtindo wa "waliopenda hili walipenda na lile". Mtindo huo unafaa kwa filamu na viatu, kwa sababu huko kupenda ndilo lengo. Katika masomo, kitu ambacho mtoto anakihitaji mara nyingi ndicho asichokipenda. Ukiacha kura za watoto ziamue, baada ya muhula mmoja programu yako itakuwa imejaa video za kuchekesha kuhusu kugawanya pizza, na KDS haitaguswa na mtu.

Watumie wanafunzi kwa jambo wanaloliweza kuliko sisi: kueleza kwa maneno yao. Unaukumbuka mtandao wa del.icio.us, ulioanza 2003? Hapana, ulikuwa mtoto mdogo. Watu waliweka humo viungo vya kurasa na kuzipa lebo walizojitungia, na lebo za wengi zikigongana kwenye neno moja, wengine walipata njia ya kufika. Waruhusu wanafunzi wako waipe kila hatua jina lao na maelezo yao. Mmoja ataita KDS "namba wanapokutana wote", mwingine atasema "asili ya pamoja". Mwalimu akikagua na kukubali, jina hilo linaingia kama lebo mbadala ya dhana ileile, na mtoto wa shule nyingine akilitumia kutafuta, anafika. Hivyo watoto wanaongeza majina juu ya ramani, ila mpangilio wa dhana unabaki mikononi mwa walimu.

Jambo jingine nalipitia haraka kwa kuwa utalikuta mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, Peter Brusilovsky na Gerhard Weber, wakiwa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitengeneza ELM-ART, kitabu cha kompyuta cha kufundisha LISP, lugha ya kuandikia programu. Kando ya kila kiungo waliweka rangi kama za taa za barabarani: kijani maana yake uko tayari, nyekundu maana yake bado. Ulikuwa ushauri tu; uamuzi wa kubofya ulibaki kwa mwanafunzi. Usimfungie mtoto mlango kwa sababu kompyuta inadhani hajafika. Makadirio ni makadirio.

Halafu kuna suala la simu. Andiko lako linachukulia kwamba kila akaunti ni mwanafunzi mmoja. Nyumba nyingi ninazozijua zina simu janja moja, ya mama, na jioni inazunguka kwa watoto watatu. Programu itaona mwanafunzi anayejua asilimia saa moja usiku na asiyejua kujumlisha saa mbili, itachanganyikiwa. Weka mlango wa kila mtoto ndani ya simu hiyohiyo, na picha badala ya nywila kwa wadogo. Kumbuka pia kwamba kumbukumbu za makosa ya mtoto ni taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi tu mwenye mradi. Mtoto na mzazi wazione rekodi hizo, na waweze kuzifuta.

Usidhani unaanza kwenye jangwa. Mkoani Tanga, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua ili wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa kwa timu mbili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School. Misimbo ya programu za timu zote tano za fainali iliachwa wazi kwa umma, ikiwemo ya RoboTutor ya Carnegie Mellon, chuo kilekile cha kina Corbett. Ipakue. Tazama walivyoupanga mfuatano wa hesabu zao, kisha jiulize ni wapi mwalimu wa Handeni, hukohuko Tanga, angewasahihisha.

Ombi langu sasa. Punguza mradi. Chukua mada ya sehemu peke yake, kutoka vigawe hadi kujumlisha asili tofauti, kwa lugha mbili. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, kaa na walimu wa darasa la tano na la sita na wa Kidato cha Kwanza, uwaulize kila dhana inasimama juu ya ipi na watoto hukwama wapi. Ukija likizo nitakukutanisha na walimu wa hapa. Wengine hawajui kompyuta inawashwaje, lakini wana mambo ambayo muhtasari wa somo hauna. Ichore ramani kwenye karatasi kubwa, unitumie picha yake kabla hujampelekea msimamizi wako. Mimi nitaijaza wino mwekundu, na usikasirike.

Ni mimi mjomba wako.